Mhariri, tutengee nafasi ya riwaya za vijana

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili iliyopita, ile iliyolalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, wametekwa na simu. Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa dukani kwangu hapa Ngamiani, Barabara ya 12, na mbele yangu wasichana watatu wa kidato cha tatu walikuwa wakigombania kitabu kimoja, kila mmoja akiapa kuwa zamu ni yake. Nimeona nisinyamaze.

Nauza vifaa vya shule. Madaftari, kalamu, rula, karatasi za grafu, na natoa kopi. Nyuma ya mashine ya kopi nina rafu ya mbao yenye riwaya 64, ninazokodisha kwa shilingi 300 kwa wiki. Nilianza na vitabu tisa vya marehemu mume wangu, aliyekuwa utingo kwenye lori la Mombasa na hakuwa akivuka mpaka wa Horohoro bila kitabu chini ya kiti. Vingine nimevinunua kimoja kimoja, vingi Dar es Salaam, kila ninapokwenda kuchukua mzigo. Nani kachukua nini na lini, yote naandika kwenye kaunta buku.

Hilo kaunta buku ni shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni vitabu vyenyewe. Chukua kitabu kilichopita mikono mingi, kifunge, kisha kitazame ule upande wa kufungulia. Utaona weusi umepanda pale: vidole, jasho, mafuta ya bagia, vumbi la barabarani. Weusi unapokoma ndipo wasomaji walipochokea. Nina riwaya moja iliyokodishwa mara 22, na weusi wake unakoma kwenye ukurasa wa 30 au karibu na hapo. Kuanzia hapo karatasi ni nyeupe kama ilivyotoka kiwandani. Jalada lake la nyuma limejaa sifa: inaelimisha, inaonya, inakemea maovu katika jamii. Watoto 22 waliamini maneno hayo, wakalipa shilingi 300 zao, wakaishia njiani. Jirani yake pale rafuni kuna kitabu chembamba, hakina sifa hata moja mgongoni, na kimeiva weusi mpaka ukurasa wa mwisho. Jalada lake nimelibadilisha mara mbili.

Sasa niambie, Mhariri, mzazi au mwanafunzi atajuaje tofauti ya vitabu hivyo viwili kabla hajatoa hela yake? Kwenye gazeti lako hakuna pa kumwambia. Michezo ina kurasa nne. Mchezaji akisajiliwa Ijumaa, Jumamosi tunajua amecheza wapi, kafunga mabao mangapi, goti lipi linamsumbua. Riwaya ikitoka, ikibahatika, tunapata picha ya uzinduzi: mgeni rasmi amekishika kitabu juu, mwandishi yuko pembeni yake. Kitabu kinahusu nini, kinaanzaje, kinamfaa mtoto wa umri gani, hatuambiwi.

Na mara chache mnapokigusa kitabu cha vijana, mnakiandika kama uchambuzi wa mtihani. Uchambuzi naujua vizuri kwa sababu ndio unaonilisha. Kurasa nane mpaka kumi na mbili: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo, muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha. Mwanafunzi anautoa kopi, anaukariri, anajibu swali la riwaya na kufaulu bila kukifungua kitabu. Simlaumu mtoto, ndivyo anavyoulizwa. Lakini gazeti halisahihishi mitihani. Halina sababu ya kuandika hivyo.

Kuna siku umeme ulikatika saa tisa alasiri, na dukani kulikuwa na wavulana sita wanasubiri kopi za uchambuzi wa Watoto wa Mama N'tilie, ile riwaya ya Emmanuel Mbogo. Kitabu chenyewe kilikuwa rafuni, hatua mbili kutoka waliposimama. Nikakishusha, nikampa mmoja wao mwenye sauti nzuri, nikamwambia asome kwa nguvu ili tuupitishe muda. Akasoma. Walipofika kwa Peter na Zita, watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, wale waliokuwa wanachezea simu wakaziweka mfukoni. Mmoja wao najua aliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Alikuwa ameegemea mlango, anatazama nje. Msomaji alipotua kumeza mate, yule wa mlangoni akasema bila kugeuka: "Endelea bwana." Umeme ukarudi, mashine ikaanza kunguruma, na hakuna aliyenyanyuka. Nikaizima. Jioni ile nilikikodisha kitabu kile kwa zamu ya watu wanne.

Wale walikuwa wameshakariri dhamira zote za kitabu hicho. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba ndani yake kuna kijana kama wao.

Nirudi kwenye simu, maana makala yenu imeishutumu sana. Ni kweli hawaiachi. Lakini nimekaa nao, nimechungulia wanachofanya humo, na wengi wanasoma. Kuna simulizi zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu kwa sehemu, kila moja ikifungwa kwa neno "itaendelea". Binti mmoja anayesaidia kwa mama lishe jirani yangu alinionyesha: yuko sehemu ya 47. Alikuwa ametuma shilingi 1,000 kwa mwandishi ili apate sehemu zilizobaki. Binti huyu mchana hula mihogo ili abakize nauli, na ametoa elfu moja kwa ajili ya hadithi. Nyingine zina lugha mbovu, nukta hakuna, majina ya wahusika yanabadilika katikati, na zipo zisizofaa hata kidogo kwa mtoto. Nakubali yote hayo. Ila waandishi wake wanajua kukuacha mlangoni wakati mtu anabisha hodi. Anayeweza kusoma sehemu 47 kwenye kioo kilichopasuka ataimudu riwaya ya kurasa 200. Amekosa wa kumshika mkono na kumwonyesha ipi.

Mimi, kijana wa Tanga asiyewahi kumaliza kitabu nampa kwanza Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka mwaka 1996, na mume wangu alirudi nayo kutoka Mombasa. Walibora alikuwa Mkenya, alifariki Nairobi Aprili 2020, lakini hadithi yake inaanzia hapa kwetu. Msimulizi ni kijana, Kongowea Mswahili. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu hapa hapa Tanga. Baba yake hamjui, na baadaye anafunga safari kwenda kumtafuta Kenya. Mtoto wa Ngamiani akiukuta mji wake umeandikwa kitabuni huinua uso akanitazama, kila mmoja wao hufanya hivyo, kama vile mimi ndiye niliyeuweka. Kiswahili chake kina utamu wa kwenda nao polepole, na mwenye haraka naye haachwi nyuma.

Kitabu hicho hicho ndicho nilichokosea nacho. Mwaka juzi nilimpa binti wa miaka 14. Nilimwambia maneno mawili tu: ni kitamu, na kinaanzia Tanga. Sikumwambia kwamba mama wa Kongowea anafariki. Wala sikumwuliza habari za kwao. Kesho yake alikirudisha akiwa amekifunga kwenye mfuko, akakiweka juu ya meza bila kunitazama, akaondoka. Jirani ndiye aliyenieleza kwamba mama yake alizikwa kabla tu ya Ramadhani iliyokuwa imepita wakati ule. Nilifunga duka mapema, nikaenda kwao Makorora, nikamkuta anachambua mchele na bibi yake. Nikamwomba radhi mbele ya bibi. Hakunijibu kitu. Ilipita kama miezi minne, akaja mwenyewe, akasimama pale mlangoni na kusema, "Shikamoo mama. Kile kitabu bado kipo?" Alikaa nacho wiki tatu. Sikumtoza.

Nimelisema jambo hili kwa kirefu kwa sababu humo ndimo nilimojifunza kazi ya kumpendekezea mtu kitabu. Kusema "ni kizuri" hakutoshi, na kwa kijana kunaweza kuumiza. Unatakiwa umjue anayekichukua, au kama humjui, umweleze kilichomo ili achague mwenyewe. Mimi naweza kumwuliza mtu kwa sababu yuko mbele yangu. Gazeti haliwezi. Kwa hiyo mhakiki wa gazeti anadaiwa zaidi yangu: aseme wazi kwamba humu kuna msiba, humu kuna kipigo, humu kuna mapenzi. Hatakuwa ameharibu hadithi. Mama wa Kongowea anafariki mapema, na safari yote iko mbele bado.

Wazazi nao wanahitaji kuambiwa hayo. Miezi mitano iliyopita mzee mmoja aliingia dukani ameshika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, kidole amekitia katikati ya kurasa kama alama. Binti yake ni wa kidato cha tano na alikuwa amekichukua kwangu. Akasema, "Mama, wewe ni mtu mzima na una watoto. Ndivyo vitabu unavyowapa mabinti zetu hivi?" Nikampa kiti, nikamwita mwuza kahawa. Nikamwuliza amesoma mpaka wapi. Kumbe alikuwa amesoma ule ukurasa mmoja tu, ulipofunguka. Nikamwomba aanze mwanzoni, pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Aliivaa miwani. Alisoma muda mrefu, mpaka wateja wangu wakaanza kusema kwa kunong'ona, na kahawa ikapoa kwenye kikombe. Kisha akakifunga kitabu, akakitia kwapani, akaaga, akaenda zake. Mpaka leo hajakirudisha. Kwenye kaunta buku bado limeandikwa jina la binti yake, na sijawadai.

Mzee yule alikuwa na haki kamili ya kuniuliza. Riwaya ile ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa isisomwe shuleni, na sababu wala si ngumu kuziona: kuna ulevi wa baba, kuna mwili wa msichana unaochezewa, na mwishoni kuna mtu kujiua. Mimi simpi mtu chini ya miaka 16, na huyo wa 16 namwambia kwanza. Lakini sijui kitabu kingine kinachomwonyesha baba wa Kiafrika, kwa upole na bila kumficha, namna ukali wake unavyomfikisha binti yake asikokutaka. Laiti gazeti lake la kila siku lingekuwa limemweleza mambo haya kwa aya tatu, angekifungua kitabu akijua anachokutana nacho.

Hivyo viwili ni vya zamani, utasema. Kweli, na hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu vipya vipo na vinapita kimya. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel, magazeti yalijaa picha yake. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Mhusika mkuu, Yusuf, ana miaka 12 hadithi inapoanza. Anapandishwa garimoshi na mfanyabiashara Aziz akidhani anakwenda matembezi, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Mtoto wa miaka 12, Mhariri! Hiki ni kitabu cha vijana kikiwa kimefichwa ndani ya kitabu cha watu wazima. Kwangu weusi wake unafika katikati na kukoma, na najua sababu: kina mwendo wa msafara, watu wanatembea, wanakaa, wanazungumza, na aliyezoea "itaendelea" anachoka. Sasa ninayempa namwambia asikikimbilie, akisome usiku kukiwa kimya, na asikate tamaa kabla msafara haujaondoka kwenda bara. Tangu nianze kusema hivyo wawili wamekimaliza. Wawili ni wachache, lakini kabla ya hapo hakuwepo hata mmoja.

Kuna na tuzo zetu. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ipo tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Ilikuwepo Tuzo ya Burt, iliyolenga hasa vijana, ikatupatia vitabu vya waandishi wa hapa nchini, ila kwa Kiingereza. Kila mwaka naona picha za washindi wakikabidhiwa zawadi, nafurahi nao, nakata kile kipande cha gazeti nakiweka. Kisha nasubiri mtu aniambie kitabu chenyewe kikoje ili nijue kama nikinunue. Mtaji wangu ni mdogo. Nikinunua kitabu kibaya, nimekula faida ya rimu nzima ya karatasi.

Na kwa sababu naandika kutoka Tanga, najua kuna watakaosema: mna Shaaban Robert wenu, aliyezaliwa Vibambani pale karibu na Machui mwaka 1909, mnataka nini zaidi? Tunampenda. Adili na Nduguze ninayo nakala mbili, na nimegundua kwamba mtoto ukimwanzishia pale Ikibali anapomchungulia Adili usiku akiwachapa manyani wawili, harudi nyuma tena, atataka kujua manyani wale ni nani. Lakini ukimpa kwa sababu tu ni mzee wetu na ni wajibu, atakirudisha kesho. Na Shaaban mwenyewe alikuwa mwandishi mpya wakati mmoja. Watu waliomsoma Kusadikika ilipotoka mwaka 1951 hawakuambiwa wasubiri awe wa kale kwanza.

Ninachoomba ni nusu ukurasa, mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi wanafunzi wakiwa nyumbani. Kitabu kimoja tu kila wiki, kipya kikipatikana, cha Kiswahili, cha msomaji wa miaka 13 mpaka 18. Aandike mtu aliyekisoma mpaka mwisho, na akiri kama alichoka mahali. Atuambie hadithi inaanzaje, nani anaongea, kina kurasa ngapi, maandishi yake ni makubwa au ya kuumiza macho kwenye taa hafifu, bei yake, na kinauzwa wapi, kwa sababu sisi wa mikoani tukisikia tu kwamba "kinapatikana katika maduka ya vitabu" tunajua hatutakipata. Aseme kinamfaa nani na nani asikiguse kwanza. Kikiwa kibaya aseme kibaya. Waandishi wetu ni watu wazima, watavumilia, na watoto wetu wataacha kudanganywa na majalada.

Na wapeni vijana wenyewe nafasi ya kuandika. Kwenye kaunta buku langu, mbele ya kila jina nimeacha mstari mmoja wazi, na anayerudisha kitabu akitaka huandika neno lake. Sijawahi kumsahihisha mtu pale. Mmoja ameandika: "Sura ya kwanza vumilia, ya pili utasahau ugali." Mwingine: "Mwandishi anatuhubiria sana, tunaye tayari ustadhi." Yupo aliyeandika "nimelia" na hakuongeza kitu, na waliofuata baada yake wanne wote walichukua kitabu hicho hicho. Mvulana wa kidato cha pili, mkimya, asiyesalimia mpaka umsalimie, alijaza mstari wake, akaingia wa jirani, akaendelea pembeni mpaka juu ya ukurasa, kueleza kwa nini mhusika fulani hakupaswa kusamehewa. Nikimsoma yeye napata picha ya kitabu kuliko nilivyowahi kuipata kwenye gazeti lolote.

Nikitakiwa, nitayapiga picha maneno hayo na kuwatumia, majina nikiwa nimeyaziba. Sitaki malipo. Ukurasa huo ukianza kutoka nitaubandika mlangoni, chini ya bei za kopi, kimo cha mtoto wa kidato cha kwanza. Jina na namba yangu ya simu nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, naomba usivichape.

Wako,
Mwenye duka la vifaa vya shule,
Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga